Taa ya Tatu Chini ya Kitambaa

Walioniandikia wiki hii ni wa aina mbili: wanaonionea huruma na wanaonicheka. Wanaonicheka ndio watu wangu. Mwanamke aliyeporomoka ngazi kumi na moja akiwa amebeba keki ya harusi ya mtu mwingine, usipomcheka utamfanya nini?

Kwa wewe unayenikuta leo, shika haya mawili matatu twende. Nilikuwa karani wa mapokezi kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka tisa. Asubuhi moja tukafika tukakuta kufuli jipya mlangoni na tajiri hajulikani aliko. Nikageukia keki. Keki zikanipeleka kwenye ngazi, ngazi zikanipeleka hospitali, nikatoka na chuma mguuni. Tangu hapo nikawa mtu wa nyumbani, nikimtazama mume wangu, Baba Pacha, akifunga tai kila asubuhi kwenda ofisini kwake kwenye bima, mimi nikibaki kuongea na masufuria.

Halafu nikapata kazi. Nipigie makofi.

Kazi yenyewe ni kupokea simu za wagonjwa wa zahanati fulani yenye matawi mengi na kuwapangia siku ya kumwona daktari, nikiwa mezani kwangu nyumbani. Kompyuta walinipa. Hedifoni walinipa. Intaneti nitafute mwenyewe, na iwe ya waya, si ya bando la simu.

Sharti lilikuwa moja, limeandikwa kwa herufi nene. Wiki ya kwanza ni ya majaribio, na laini yako ikikatika mara tatu ukiwa na mgonjwa, kwaheri.

Sasa sikiliza nilivyouzwa.

*

Jengo letu lina ghorofa tano na kampuni tatu za intaneti. Majina yao ni marefu, kwa hiyo sisi tunaziita kwa rangi ya vizibao vya mafundi wao: Kijani, Manjano na Bluu. Kila moja imebandika karatasi langoni inayodai ndiyo yenye kasi kuliko zote. Mimi karatasi zimeshanitesa. Nikasema safari hii siamini maneno ya mtu, nitapima.

Nikachukua daftari, nikachukua saa, nikaingia nyumba kwa nyumba. Video ni moja ileile, ya daktari anayeeleza namna ya kupiga mswaki. Naifungua kwenye simu yangu kwa intaneti ya mwenye nyumba, nahesabu sekunde mpaka ianze. Asubuhi, mchana, jioni. Siku tatu.

Chini kabisa, kwa fundi cherehani, kulikuwa na Manjano. Sekunde kumi na tisa asubuhi, arobaini jioni.

"Usiniulize," alisema, pini zimejaa mdomoni. "Mimi nikitaka kuona mshono mpya naufungua, naenda kupiga pasi, nikirudi ndiyo unaanza."

Kwa nesi wa ghorofa ya pili kulikuwa na Bluu. Sekunde kumi na mbili. Ruta yake, kile kisanduku chenye taa kinachorusha intaneti, ilikuwa imefungiwa kabatini nyuma ya masufuria, kwa sababu mumewe hapendi kitu kinachomkonyeza akila. Niliandika kumi na mbili. Kabati sikuliandika. Mpimaji mwenyewe ndiye mimi.

Kwa Kikombe kulikuwa na Kijani.

Kikombe ni jirani yangu wa ghorofa ya tatu, milango yetu inatazamana. Nilimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi huja kunywa chai kwangu na kikombe chake mwenyewe mkononi, chekundu, kimevunjika mkono. Miaka sita. Ndiye aliyenifunga mguu kwa khanga siku ya zile ngazi. Ndiye anayejua ninapoficha ufunguo.

"Lete simu nikuwekee mwenyewe, shoga yangu," alisema, akaandika pasiwedi akiwa amenipa mgongo. "Siri ya nyumba hii. Ukiiona wewe, kesho jengo zima limehamia kwangu na watoto."

Ruta yake ilikaa juu ya kabati la televisheni, imevishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, taa mbili za kijani zikichungulia.

Nikabonyeza. Sekunde mbili.

Nikarudia mchana. Mbili. Jioni, saa ambayo kila mtu yuko mtandaoni, tatu.

"Mimi sisemi kitu," Kikombe alisema. "Saa ndiyo inasema."

Baba Pacha, mwanamume ambaye hajawahi kusoma chochote nilichoandika, hata orodha ya sokoni, jioni hiyo aliliomba daftari. Akavaa miwani. Akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Kijani, mke wangu. Hapa hakuna mjadala."

"Tangu lini wewe unajali intaneti?"

"Tangu ikawa ndiyo kazi yako."

Nilimpenda sana saa ile. Sitakuficha, nilimwongezea nyama.

*

Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, nikakaa mezani. Kijani imeshafungwa, taa tatu zinawaka. Pembeni mwa kioo cha kompyuta kuna kidirisha ambamo msimamizi wa zamu huandika maagizo. Hasemi kamwe. Anaandika tu, na jina lake ni hilohilo, Msimamizi. Ujumbe wake wa kwanza: "Karibu. Ongea polepole. Tabasamu, mgonjwa husikia."

Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Saa mbili na dakika ishirini akaingia simuni mzee mmoja.

"Binti, nina jino."

"Pole, mzee wangu. Jino la wapi?"

"La mdomoni. La wapi tena?"

Nikacheka, naye akacheka kidogo, halafu akaguna. "Nipangie leo hii. Hili jino halina adabu, linaanza taratibu halafu..."

Kimya. Taa ya tatu ikawa nyekundu.

Dakika nne baadaye laini ikarudi. Mzee hayupo. Kidirishani: "Mkatiko wa kwanza. Pole."

Utaratibu wao ni kwamba mgonjwa ambaye faili lake halijakamilika hurudishwa kwa aliyelianza. Kwa hiyo Jumanne nani yuko masikioni mwangu?

"Wewe ndiye uliyenikatia jana."

"Si mimi, baba. Ni laini."

"Mimi sikuwa naongea na laini. Haya, andika haraka. Limehamia sikioni sasa. Ni la juu, upande wa..."

Nyekundu.

"Mkatiko wa pili," Msimamizi akaandika. "Umebaki mmoja."

Nikaangalia saa. Mbili na dakika ishirini. Kama jana.

*

Fundi wa Kijani alikuja mchana ule, mtu mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akapima ndani, akapima ukutani, akashuka mpaka kabati la waya lililo kwenye kona ya ngazi, ghorofa ya pili. Akaniita.

"Mama, laini yako ni nzima kama wewe."

"Mimi nina chuma mguuni."

"Basi ni nzima kuliko wewe. Njoo uone."

Kitasa cha kabati kilikuwa kimevunjika. Waya wangu ulikuwa na kibandiko kipya chenye namba ya nyumba yangu, na kwenye kichwa chake kulikuwa na mikwaruzo.

"Huu umechomolewa ukarudishwa. Umechomolewa tena ukarudishwa tena. Huo si mkatiko, mama, huo ni mkono wa mtu. Wenzetu wa Manjano na Bluu wanashusha waya kutoka paani mpaka ndani kwa mteja. Sisi tu ndio wenye kabati la ngazini, na kufuli tunaliomba tangu mwaka juzi."

"Mbona jirani yangu hawamchomoi? Yule tunayetazamana naye milango."

Akahesabu vibandiko kwa kalamu. Akavihesabu tena.

"Huyo si mteja wetu. Tulimwondoa miezi miwili iliyopita, mwenyewe aliomba."

"Haiwezekani. Nimepima kwake siku tatu. Na ruta yake inawaka."

"Inawaka taa ngapi?"

"Mbili."

"Hizo ni za umeme. Hata ukiichomeka jikoni kwa mwenyekiti wa mtaa zitawaka. Ya intaneti ni ya tatu."

"Ya tatu ilikuwa chini ya kitambaa."

Fundi alinitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. "Chini ya kitambaa kuna nyekundu, mama."

*

Sikugonga. Kikombe alikuwa amejilaza kwenye sofa anatazama tamthilia, picha safi kama maji. Nikaenda moja kwa moja mpaka kabatini nikakivuta kile kitambaa.

Nyekundu.

"Taratibu, hicho alinifumia mama mkwe," alisema. Halafu akauona uso wangu.

"Unatumia intaneti ya nani?"

"Kaa kwanza, shoga yangu."

"Sikai. Nilikaa hapa siku tatu na saa mkononi, naandika, na wewe unanitazama naandika."

"Niliambiwa haitakudhuru."

"Na nani?"

"Nimekula kiapo."

"Na kwangu umekunywa chai miaka sita. Kipi kizito?"

Akaanza kulia. Namjua Kikombe, ana kilio cha msiba na kilio cha kutafutia mlango wa kutokea. Hiki kilikuwa cha mlango. Kati ya kwikwi nikapata machache: alipewa pasiwedi ya mtu bure, akaombwa asifie Kijani mbele yangu. Basi. Hajui zaidi.

"Na anayenichomolea waya?"

"Waya gani?"

Alitoa macho, mshangao umemjaa uso mzima. Nikamwamini hapo. Nimeshakuambia mimi napima vipi vitu.

Jioni Baba Pacha alirudi, akavua tai, akauliza fundi kasemaje.

"Kasema ni hali ya hewa," nilijibu.

Sikujua kwa nini nilimdanganya. Nadhani nilikuwa nimeishiwa watu wa kuwaambia ukweli. Nilichobaki nacho ni simu yangu. Ile pasiwedi aliyoiandika Kikombe akiwa amenipa mgongo bado ilikuwa humo. Na mtandao wowote, ukiukaribia unapotoka, mistari yake kwenye simu inaongezeka.

*

Jumatano, saa moja na nusu. Tai. Mkoba. Busu la paji la uso.

"Leo usikatike," alisema Baba Pacha, akicheka.

Mlango ukafungwa. Nikasimama nyuma yake, hedifoni shingoni, nikisikiliza viatu. Mke anavijua viatu vya mumewe. Cha kushoto kina kisigino kilichoisha upande, kinaburuza.

Viatu havikushuka. Vilipanda.

Nikaikumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mchanga, nikatoka, simu mkononi. Pale mlangoni kwetu, mistari miwili. Ghorofa ya nne, mitatu. Mguu wenye chuma ulikuwa unanilaani kila ngazi. Ghorofa ya tano kuna mlango wa kijivu, wa dereva wa malori ambaye husafiri miezi mitatu kwa mkupuo na humwachia Baba Pacha ufunguo amwagilie maua.

Mistari yote.

Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili. Nikagonga.

"Umewahi leo," sauti ya mume wangu ilisema, na mlango ukafunguka.

Tai shingoni. Kandambili miguuni. Kichwani hedifoni kama yangu, ya rangi ileile, na nembo ileile ya zahanati.

Nyuma yake kulikuwa na meza, na mezani kompyuta, na kwenye kompyuta kile kidirisha ninachokijua. Ila mimi kwangu huona jina moja, Msimamizi. Kwake yalikuwepo majina kumi na mawili, langu la kwanza.

"Mama Pacha," alisema.

"Msimamizi," nikasema.

Akakaa.

"Bima walinipunguza," alianza. "Wiki ileile uliyoanguka. Ningekuambiaje, mguu uko juu ya mito mitatu? Nikasema nitapata nyingine kabla hujatolewa plasta. Nikapata hii. Halafu... kila asubuhi nikawa nafunga tai, na kila asubuhi ikawa ngumu zaidi kukuambia."

"Miezi saba umekuwa unakwenda kazini juu ya kichwa changu?"

"Ghorofa mbili juu," akanirekebisha. Ndivyo alivyo.

Kidogo nicheke.

"Hilo ningekusamehe. Kumwaga unga si aibu, mimi nimeumwaga mara mbili na wa pili ulikuwa wa keki. Waya wangu je?"

"Sikuugusa."

"Umechomolewa na malaika?"

Akatazama kandambili zake. "Ijumaa, wanaofaulu majaribio wanaonana na msimamizi wao kwa kamera. Uso kwa uso. Jina lako sikulichagua mimi, lilitoka makao makuu likatua mezani kwangu. Nikahesabu siku. Ilikuwa ama nikuambie, ama..."

"Ama nifukuzwe."

"Ningekutafutia kitu kingine!"

"Ulilisoma daftari langu, Baba Pacha. Ulivaa miwani!"

Sauti yangu ilivunjika hapo. Mpaka leo ninapoandika haya, kinachoniliza si kazi wala waya. Ni ile miwani, na kidole kikipita mstari kwa mstari, kikijua.

Saa ya ukutani ilionyesha mbili kasoro dakika nne. Huko chini laini yangu ilikuwa inangoja kuuawa mara ya tatu, nami bado nilikuwa na kazi. Kilio nikakiahirisha. Nikasukuma makaratasi yake pembeni, nikaitua kompyuta yangu upande wa pili wa meza yake.

"Pasiwedi."

"Mke wangu..."

"Pasiwedi. Leo nafanyia kazi hapa, nikiiona mikono yako yote miwili."

Akaitaja. Ilikuwa tarehe waliyozaliwa pacha wetu. Sikumtazama nikiiandika.

Saa mbili kamili nikaingia. Ilikuwa ni Bluu, ileile ya nesi, tofauti ni kwamba hii haikulala na masufuria. Sauti ilikuja safi kana kwamba mgonjwa amekaa mapajani mwangu. Mama wa mtoto mwenye kikohozi, nikampangia. Kijana wa macho, nikampangia. Mume wangu alikuwa ameweka mikono magotini kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Saa mbili na dakika kumi na tisa, kati ya simu na simu, nikanyoosha mkono kusogeza kikombe chake kisinimwagikie.

Chekundu. Kimevunjika mkono.

Jana asubuhi kilikuwa mezani kwangu.

Chini yake kulikuwa na fomu ya majaribio, imelowa duara la chai. Juu, jina langu. Mkatiko wa kwanza, Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini. Mkatiko wa pili, Jumanne, saa mbili na dakika ishirini. Mkatiko wa tatu, Jumatano, saa mbili na dakika ishirini. Chini, saini ya mume wangu.

Nikaangalia saa ya ukutani. Mbili na dakika ishirini ilikuwa bado haijafika.

Mstari wa mwisho uliuliza atakayechukua nafasi. Lilijazwa jina refu, la vyeti, ambalo sikulitambua mara moja kwa sababu miaka sita sijawahi kulitumia. Mimi nilishampa la kwangu, Kikombe.

"Hii ni nini?" nikanong'ona.

Baba Pacha akafungua mdomo, na hedifoni yangu ikalia.

"Binti." Pumzi nzito, halafu mguno. "Ni mimi wa jino. Leo nakuomba, kwa heshima ya mama yako, usinikatie."

"Sikukatii, mzee wangu," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikitabasamu peke yake. "Tuanze pale pale. La juu, upande gani?"

"Wa kushoto."

Nikaandika kushoto. Saa mbili na dakika ishirini na moja, na ishirini na mbili. Laini imetulia. Mume wangu hakuwa amenyanyua kidole. Mikono iko magotini, naiona. Basi huko chini, leo, nani...

Ngazi zikasikika, mtu anapanda mbiombio. Mlango ukagongwa mara tatu, nyepesi, kwa ule ugongaji wa kuombea sukari.

"Msimamizi, fungua," Kikombe alisema kwa furaha upande wa pili. "Nimeshauchomoa. Nimekuja kuanza."

Sikusogea. Baba Pacha hakusogea. Ukagongwa tena.

"Binti," mzee akasema sikioni mwangu, "huo mlango unaogongwa ni wa kwako au wa kwangu?"